Firigisi ya Darasa la Sita

Bilha Wakonyo alizaliwa na shingo ndefu, na tangu utotoni hakuiacha ikae bure. Kule Saboti, katika shamba la mzee Mbugua baba yake, hapakuwa na sufuria aliyoipita bila kuifunua, wala kisima asichokiinamia, wala mgeni ambaye hakuchunguliwa kwenye ufa wa mlango mpaka akahisi kuna baridi inampiga mgongoni. Mama yake alimfinya masikio hadi vidole vikachoka. Siku moja alitumbukia kichwa chini ndani ya pipa la chakula cha nguruwe, miguu ikabaki nje inapiga hewa kama ya kuku anayechinjwa. Walipomvuta akatoka amejaa maganda ya viazi mpaka kwenye nyusi, na neno lake la kwanza halikuwa kilio. "Kijiko kiko chini," alisema. Ni kile kijiko ambacho mama yake alikuwa amemnunia jirani kwa sababu yake tangu Krismasi.

Msichana wa namna hiyo ana kazi mbili tu anazoweza kufanya duniani. Moja ni upolisi. Bilha alikuwa mfupi kwa polisi, shingo na yote, kwa hiyo akawa mwalimu.

Alikuwa mwalimu lakini wa kuazima. Kidato cha nne alikimaliza Kitale na cheti chenye Kiingereza kizuri kabisa na Hesabu ya kufichwa chini ya godoro. Vyuo vya ualimu havikumtaka. Basi mwaka wa 1985 akapata kibarua katika shule moja ya msingi nyuma ya soko la Kamukuywa, upande wa Bungoma, akawa mmoja wa wale walimu wasiosomea kazi, waliokuwa wakiitwa UT. Mwalimu UT ni kama gurudumu la akiba: gari linamhitaji, lakini hakuna anayemwosha. Alikaa kiti kilichovunjika mguu, alipewa darasa lenye vumbi jingi kuliko yote, na chai ilipopungua chumba cha walimu, iliishia kwenye kikombe kilichotangulia chake.

Lakini alijua kufundisha, jamani. Darasa la sita lilimpenda mpaka wazazi wakaanza kushuku. Kwa Bilha, neno la Kiingereza halikuingia darasani kwa kuandikwa ubaoni. Liliingia kwa miguu. Akifundisha kuruka, walirukia dirishani. Akifundisha kutambaa, sare zilirudi nyumbani zina rangi ya barabara.

Muhula ule wa tatu wa mwaka 1988 alikuwa anapambana na kitenzi "look". Aliwaeleza hivi: sisi tuna kutazama, tuna kuchungulia, tuna kutafuta, tuna kupekua, tuna kuchunguza, kila kazi ina mfanyakazi wake. Mwingereza ni bahili. Ana mfanyakazi mmoja tu, "look", anamzungusha kazi zote na kumbadilishia msaidizi. Akiwa na "at", anatazama. Akiwa na "for", anatafuta. Akiwa na "after", anatunza. Na akiwa na "into", hapo sasa ndipo darasa zima lilipozama, kwa sababu huyu "into" anakula mshahara wa kazi mbili: asubuhi anachungulia sufuria, mchana anachunguza kesi.

"Madam," aliuliza Kundu, mvulana mwenye pua pana na maswali mapana zaidi, "sufuria ina mdomo, nimeelewa. Sasa kesi, mdomo wake uko wapi ndio mtu achungulie?"

Darasa likacheka. Bilha naye akacheka. Aliwapa mifano: polisi wanachunguza wizi, chifu anachunguza ugomvi wa mpaka. Wakaitikia "Yes, Madam" kwa ile sauti ya watoto ambao hawajaelewa lakini wana njaa.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu anatoka Bungoma. Hapa tusimame kidogo, kwa maana jambo hili lilikuwa maisha ya Bilha yote yamewekwa kwenye sinia. Ofisi ilikuwa inatafuta UT mmoja kutoka eneo lile apelekwe chuo mwezi wa Januari. Mkaguzi angekaa nyuma ya darasa, asikilize somo moja, kisha aseme ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, Bilha anakuwa mwalimu kamili. Ikiwa hapana, kibarua kinaisha Desemba na anarudi Saboti kushika gunia kwenye kinu cha posho cha kaka yake Gicheru, ambaye alikuwa ameshamtumia salamu na mtu wa Kitale: "Mwambie Bilha aproni iko tayari, nimefua."

"Nimefua!" Bilha alirudia peke yake chumbani, akarusha kiatu ukutani.

Mwalimu mkuu, Hiram Wekoye, alikuwa mtu mnene mwenye moyo mwema, filimbi shingoni, na ulimi uliogeuza kila "l" kuwa "r". Aliita kikao.

"Warimu," alisema, "mkaguzi akifika, kuku asikose. Na kuku akiwepo, imondo isikose. Mnanisikia? Imondo!"

Imondo ni firigisi. Kwa Wabukusu wa pale Kamukuywa, kuku bila firigisi ni mchuzi wenye mifupa. Kile kipande kidogo ndicho kinachomwambia mgeni kwamba ameheshimiwa. Ukimwandalia mtu mzima kuku na firigisi haionekani, anaweza kuomba kofia yake aende, na kijiji kizima kitamuunga mkono. Walimu wote walitikisa vichwa kwa uzito. Bilha naye alitikisa, lakini akili yake ilikuwa kwenye "into", hakusikia hata nusu. Kwao Saboti, kwa mzee Mbugua, firigisi ilikuwa ya yeyote aliyesimama karibu na sufuria, na kwa shingo ile, mara nyingi ilikuwa yake.

Siku ikafika. Bilha aliamka mapema akiwa na mpango mtamu. Kwa ile "into" ya kuchungulia angeleta bakuli lenye kitu ndani, kila mtoto afunue, achungulie, aseme sentensi. Ndani ya bakuli angeweka chura. Chura hai, wa kutoka mtoni, mnene kama mwenyekiti wa kamati ya shule. Nani atasahau Kiingereza alichokisema akitazamana na chura? Ile "into" ya pili, ya kuchunguza jambo, alikuwa amemwachia Mungu.

Chura naye alikuwa na mipango yake. Alipofunuliwa kidogo tu kwenye chumba cha walimu apate hewa, aliruka, akatua kwenye birika la chai, akaruka tena, akapita katikati ya miguu ya mwalimu wa dini, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa anaelekea barabara ya Webuye bila kuaga.

Wakati huohuo Land Rover ikaingia uwanjani. Hiram Wekoye akatoka mbio, koti limefungwa, mikono imeshatangulia mbele kumsalimia bwana mkaguzi. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke. Mrefu, kitambaa kichwani, faili kwapani, viatu vya matope ya mlimani.

"Mimi ni Chesang," alisema. "Mbona mnaangalia nyuma yangu? Hakuna mwingine."

Hiram alimkaribisha kwa heshima zote. Lakini alipomwingiza darasa la nne kuanza ukaguzi, alipinda kona akaenda moja kwa moja jikoni kwa mpishi.

"Jepkoech," alinong'ona, "mkaguzi ni mama."

"Nimemwona. Ako na viatu nzuri."

"Sasa sikiriza. Wazee wetu warisema imondo si ya mwanamke. Sisi ni nani tubadirishe? Mtoree minofu, mtoree mapaja yote mawiri. Ire imondo weka kando kwa bakuri. Mimi nitai... nitaishughurikia."

Jepkoech, ambaye alikuwa wa kutoka Kachibora na aliona mambo mengi ya wanaume kutoka kwenye kile kijiko chake cha mbao, alimtazama tu. "Ukishaishughulikia utafuta mdomo, Hedimasta," alisema. Akaitoa firigisi sufuriani, akaiweka kwenye kibakuli cha udongo chenye mfuniko, akaiweka juu ya rafu, akatoka kwenda kuchuma dania.

Ni hapo Bilha alipoingia jikoni anahema, bila chura, kengele inalia, mkaguzi anaelekea darasa la sita. Macho yake yakapita rafu nzima na kutua kwenye kibakuli. Akafunua. Kipande kimoja tu cha nyama kimejikunja pale ndani kama kimesahauliwa. "Asante Yesu," alisema, akakibeba na kukimbia.

Darasa la sita lilikuwa limeoga. Hilo peke yake lilikuwa muujiza. Bi. Chesang akakaa dawati la nyuma kabisa, kando ya msichana mmoja aliyeitwa Chelimo, akafungua faili. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya alfajiri, gari likamharibikia njiani, na tangu hapo alikuwa amekula hewa ya mlima na somo zima la darasa la nne kuhusu mmomonyoko wa udongo. Tumbo lake lilinguruma. Chelimo aliligeukia, akalisalimia kwa macho, akarudi mbele.

Bilha alianza. Sauti ilitoka imenyooka. Wakatazama Mlima Elgon dirishani. Wakatafuta chaki iliyofichwa kwenye nywele za Kundu. Wakamtunza mtoto wa mtu, ambaye alikuwa gunia la mahindi lililovikwa kofia. Kisha akainua kibakuli.

"Sasa," alisema kwa Kiingereza, "mnafunua, mnachungulia, mnaniambia. Kundu."

Kundu akaja mbele kwa mbwembwe. Akafunua. Akachungulia. Akafunika haraka kama mtu aliyemkuta nyoka ndani ya kiatu.

"Kundu? Sentensi."

"I am looking into the bowl," alisema Kundu, sauti imekauka. Kisha akasahau Kiingereza chote alichowahi kufundishwa. "Madam. Hii ni imondo. Ni ya mgeni."

Mnong'ono ukapita darasani: imondo, imondo, imondo. Bilha alidhani wanafurahia nyama. "Vizuri sana," alisema. "Pitisha."

Kile kibakuli kilisafiri dawati hadi dawati kama maiti ya chifu. Watoto walikipokea kwa mikono miwili. Walifunua taratibu, walichungulia, walisema sentensi kwa sauti ya kanisani, walifunika. Mmoja alifanya ishara ya msalaba na hakuwa hata Mkatoliki. Hajawahi mwalimu yeyote wa Kiingereza kupata heshima kubwa hivyo kwa kihusishi. Bilha aliona utulivu ule akasema moyoni, chuo hiki hapa, nakishika kwa mkono. Akaugeukia ubao, akaanza kuandika sentensi ya pili, ile ya kuchunguza jambo, polepole, ili apate muda wa kufikiria mfano. Mfano ukakataa kuja.

Alipomaliza, kibakuli kilikuwa kimefika mwisho. "Chelimo, rudisha."

Chelimo akakileta mbele. Bilha akafunua, awaonyeshe mara ya mwisho.

Kitupu. Mafuta kidogo yanang'aa chini, na kipande cha kitunguu.

Sauti iliyotoka kwa darasa lile haikuwa ya watoto, ilikuwa ya wajane. Kundu alishika kichwa. "Imondo ya mgeni! Imekuliwa!"

Na hapo, katika kichwa cha Bilha, kitu kikawaka. Hakuwa na habari ya mila, hakujua uzito wa lililotokea. Yeye aliona jambo moja tu, kwamba mfano wake umekuja wenyewe kwa miguu. Kulikuwa na kitu, sasa hakipo, na hakuna anayejua kimekwenda wapi. Kesi imefungua mdomo! Alichekelea pale mbele kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Basi," alisema kwa Kiingereza, akigonga ubao, "let us look into this matter. Msichungulie bakuli tena, halina kitu. Chunguzeni. Ulizeni. Kundu, wewe ni inspekta. Anza."

Darasa likalipuka. Watoto waliokuwa wakisema "Yes, Madam" kwa usingizi walisimama juu ya madawati. Maswali yakaruka kwa Kiingereza cha kila aina, kingine kimevaa viatu, kingine peku. Ilikuwepo ilipokufikia? Ilikuwepo! Nani alikuona? Huyu! Na huyu nani alimwona? Fungua mdomo! Kundu alipita safu kwa safu na ile pua yake pana, akinusa vidole, na kila aliyenuswa alisimama wima kama anapimwa sare ya jeshi.

"Hapa sabuni," Kundu alitangaza. "Hapa maziwa ya Nyayo, ya bure ya shule. Hapa... wewe, kwani hunawi?"

"Nimetoka kukamua!"

"Pita."

Nyuma kabisa, Bi. Chesang alikuwa ameinua faili mpaka likamfika puani.

Uchunguzi ukasonga, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila aliyeulizwa alisema nilifunua, ilikuwepo, nikapitisha. Ukamfikia Chelimo.

"Ulifunua?" aliuliza Kundu.

"Nilifunua."

"Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Ukampa nani?"

Chelimo alikuwa mtoto aliyelelewa asiseme uongo, na malezi hayo yana gharama yake. Alitazama dari. Alitazama viatu. Kisha akanyoosha kidole, lakini kwa adabu, amekipindapinda, kama anayeelekeza kaburi. "Nilimpa... Madam mgeni."

Vichwa vyote viligeuka. Hata kuku waliokuwa nje wakasikika wakifikiri. Na Bilha, aliyekuwa anaelea juu ya dari kwa furaha, akashuka ghafla kama gunia. Aliliona faili. Aliona ukingo wa kitambaa ukitetemeka. Akaelewa kwamba darasa lake la sita, kwa Kiingereza fasaha na kwa maagizo yake mwenyewe, limemkamata mtu pekee duniani anayeweza kumpeleka chuo. Akaanza kuona mbele yake unga mweupe wa kinu cha posho ukipeperuka.

Ilibaki kusema neno moja tu. Basi, watoto, kaeni, tuendelee na zoezi. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini.

Ndipo dirisha likajaa uso wa Hiram Wekoye.

"Mwarimu!" alinong'ona kwa mnong'ono uliosikika sokoni. "Bakuri! Umeona bakuri rangu?"

Macho yake yakatua kwenye kibakuli mezani, kimefunuliwa, kimelala ubavu. Akazunguka, akaingia mlangoni, filimbi inaruka kifuani. Alimsahau mkaguzi. Alisahau hata Kiswahili cha kikao.

"Nani amekura? Nauriza, nani amekura imondo? Hakuna kusema? Basi natandika darasa rote! Kuanzia mbere mpaka nyuma! Kundu, ende reta kiboko ofisini!"

Watoto wote wakamtazama Bilha. Si kwa kulalamika. Walimtazama tu, macho hamsini na kitu, yakingoja kuona hii kazi ya kuchunguza inaishia wapi. Ikiwa ni ya kweli au ni ya ubaoni.

Bilha alilimeza lile neno lililokuwa ulimini.

"Samahani, Mwalimu Mkuu," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Hakuna kwenda kuleta kiboko. Inspekta yuko kazini, uchunguzi haujaisha. Kundu, umebakiza mtu mmoja. Endelea."

"Madam?" Kundu aliuliza, hana hakika.

"Endelea, nimesema."

Kundu akatembea kwenda nyuma. Hatua zake zilikuwa ndogo kama za mtu anayeingia mto asioujua. Akasimama mbele ya faili. Hakujua mkaguzi huombwaje vidole. Akaanza, kwa Kiingereza, "Tafadhali, Madam, kama hutajali..."

Faili likashuka. Bi. Chesang alikuwa amejaa machozi, mashavu yamefura, midomo imebanwa. Alinyoosha mkono wa kulia, vidole vyote vitano, akamwekea Kundu puani.

Kundu akafumba macho. Akanusa polepole, kama mnunuzi wa tumbaku.

"Firigisi," alisema. "Na kitunguu."

Bi. Chesang akaachia kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekizuia safu tatu nzima, kilitoka na kikohozi, kikatoka na kwikwi, akapiga dawati kwa kiganja, na darasa likaona limepata ruhusa, nalo likaangua kicheko mpaka vumbi likadondoka kwenye mabati. Chelimo alianguka chini ya dawati. Bilha alishikilia ubao usimuangukie, au yeye asiuangukie, haikujulikana.

"Ni mimi," alisema mkaguzi alipopata pumzi, akasimama wima kama mwanafunzi. "Nilisikia huyu inspekta akisema ni ya mgeni. Nikajiangalia, nikaona mgeni ni mimi. Nikala. Sasa, Mwalimu Mkuu, nisaidie. Nimekosea?"

Hiram alifuta jasho kwenye paji. "Hapana, Madam. Irikuwa... yako. Kabisa. Yako kabisa."

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Chelimo, ametoka chini ya dawati, uso wote haki. Akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko vyote vilivyosemwa siku ile: mbona basi Mwalimu Mkuu amesema dirishani kwamba bakuli ni lake? "May we look into that also?"

Hiram Wekoye aliangalia saa yake, akashtuka kama mtu aliyeona moto, akatoka nje, akakamata kengele kwa mkono wake mwenyewe na kuipiga ya chakula cha mchana, somo likiwa halijafika mwisho wake. Shule nzima ilifurika uwanjani ikishangaa na kushukuru.

Kwenye meza ya walimu kuku aliliwa kimya. Hakuna aliyemgusia mgeni habari ya firigisi, na Hiram alitafuna bawa kama anayetimiza wajibu. Jepkoech alikuja mara kadhaa kuongeza mchuzi ambao haukuwa umepungua, ili tu aangalie nyuso.

Baada ya kunawa, Bi. Chesang alimwita Bilha kando ya tangi la maji. Akafungua faili. Uso ulikuwa umerudi wa ofisi.

"Mwalimu, ule mwandiko wako wa ubaoni unapanda mlima."

"Ndiyo, Madam."

"Kelele zako zimesikika darasa la kwanza. Chakula darasani hakiruhusiwi. Na huyo mpishi ananiambia awali ulipanga kuleta chura. Ni kweli?"

Bilha alitazama matope ya viatu vya mkaguzi. Hayakuwa na msaada wowote. "Ni kweli, Madam. Alitoroka."

"Hm." Kalamu ikaandika kitu. "Ningemla huyo pia, kwa njaa niliyokuwa nayo." Akafunga faili. "Unajua, mimi nikikaa nyuma ya darasa watoto wananitazama tu. Shule zote, wananitazama kama picha ukutani. Na mwalimu anatetemeka, anawaambia kila kitu ni sawa. Leo nimenuswa." Kicheko kilitaka kurudi, akakikanyaga. "Ungeweza kuwakalisha. Nilikuona ukitaka."

"Nilitaka sana, Madam."

"Najua. Januari, basi. Chuoni wanatoa kitanda cha chuma peke yake, wanafunzi wanalala kwenye nyaya mpaka wajinunulie. Tafuta godoro."

Akapanda Land Rover akaenda zake.

Bilha akaanza kutembea, kisha akajikuta anakimbia, kidato chake cha nne na miaka yake na kila kitu, kupitia geti, chini kwenye soko la Kamukuywa, viatu mkononi, akina mama wa mboga wakiuliza kuna moto wapi. Aliingia duka la vitanda akiwa hana pumzi ya kusema, akaonyesha kwa kidole. Mwenye duka, mzee mpole mwenye miwani, akamtolea godoro moja, lenye maua mekundu, akalilaza barazani alikague.

"Mwalimu, si ni mwezi wa tisa?" aliuliza. "Unahama?"

"Nahama Januari."

"Januari! Sasa godoro la Januari unalinunua leo?"

Bilha alilibonyeza kwa mkono. Alilibonyeza kwa goti. Kisha, mbele ya soko lote, mchana kweupe, na nusu ya darasa la sita iliyokuwa imemfuata kutoka shuleni ikipiga makofi, akajitupa juu yake mgongo chini, mikono imetanda, akacheka akiangalia mabati ya baraza.

Mzee akainama juu yake na miwani yake. "Kwa hiyo limekufaa, au nikuletee lingine?"

"Limenifaa," alisema Bilha, akafumba macho. "Nifunike na shuka, na mtu asiniamshe mpaka Januari."